Maandishi ya mahojiano yana makosa: mwongozo wa rufaa ya viza ya mwenza ya Kanada kwa aliyeko Dodoma

Ukikataliwa viza ya mwenza baada ya mahojiano, pigo la pili huja siku unapopata maandishi ya mahojiano yenyewe. Unakuta majibu ambayo hukuyatoa. Umeandikiwa watoto wawili usiowazaa, tarehe ya harusi imesogea mwaka mzima, na Kikuyu, mtaa wa hapa Dodoma, umegeuka kabila la mke wako. Makosa ya namna hii yanarekebishika. Yanarekebishwa ndani ya rufaa, moja baada ya jingine, kila moja na ushahidi wake. Barua ndefu ya kulalamikia afisa haifiki popote.

Mwongozo huu unamhusu mwombaji aliye nje ya Kanada ambaye amedhaminiwa na mume au mke aliye raia au mkazi wa kudumu wa huko, kupitia daraja la familia. Kama maombi yalifanywa kwa daraja la wenza waliokwisha kuwa ndani ya Kanada, rufaa hii haipo. Njia iliyobaki ni Mahakama ya Shirikisho, nayo ina taratibu nyingine.

Kwanza, jueni karatasi hiyo ni nini

Watu wengi huiita "nakala ya mahojiano" wakidhani kuna sauti iliyorekodiwa na mtu akaiandika neno kwa neno. Sivyo. Ni muhtasari ambao afisa anauchapa kwenye GCMS, mfumo wa kompyuta wa idara ya uhamiaji ya Kanada, wakati anauliza au mara tu anapomaliza. Jibu lako la dakika tatu linaweza kuwa mstari mmoja. Na kama palikuwa na mkalimani, afisa hakuandika Kiswahili chako. Ameandika Kiingereza cha mkalimani, tena kwa kufupisha. Kosa lina nafasi tatu za kuingia: masikio ya mkalimani, mdomo wa mkalimani, na vidole vya afisa.

Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, yaani IAD, ambacho ni sehemu ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi ya Kanada, hakibanwi na kanuni kali za ushahidi za mahakamani. Kwa hiyo usitegemee kwamba maandishi yatatupwa kwa sababu yana kasoro. Yatapokelewa, na kwa kawaida afisa hafiki kuhojiwa. Unachoweza kufanya ni kuyapunguzia uzito.

Habari njema ni kwamba kesi husikilizwa upya. Mjumbe anayeamua hazuiwi na ushahidi aliokuwa nao afisa. Anapokea nyaraka mpya na kusikia mashahidi. Mzigo wa kuthibitisha uko kwenu, kwa kiwango cha uwezekano mkubwa zaidi, yaani mjumbe aone kwamba mnachosema kinaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ndiyo maana jibu sahihi lenye ushahidi lina thamani kuliko ubishi mrefu kuhusu jibu lililokosewa.

Hatua ya 1: Fungua rufaa ndani ya siku 30

Siku 30 zinahesabiwa tangu barua ya kukataliwa yenye sababu ilipopokelewa. Anayekata rufaa ni mdhamini aliye Kanada. Mwombaji aliyeko Dodoma ni shahidi. Mdhamini anapeleka taarifa ya rufaa pamoja na nakala ya barua ya kukataliwa, na IAD haitozi ada.

Kosa linalowagharimu watu hapa ni kusubiri maandishi ya GCMS ndipo wafungue rufaa. Maandishi yanaweza kuchelewa, siku 30 hazisubiri. Taarifa ya rufaa haihitaji hoja zote. Fungua kwanza, makosa utayaonyesha baadaye.

Hatua ya 2: Andika unachokumbuka kabla hujasoma maandishi

Hii inapaswa kufanyika siku ileile ya mahojiano, au leo kama hukufanya. Chukua daftari, andika kwa Kiswahili, maneno yaleyale uliyoyatumia. Andika tarehe uliyofanya mahojiano, saa yalipoanza na kuisha, yalikuwa ana kwa ana au kwa simu, mkalimani alikuwepo au la, na kama alikuwepo, aliongea Kiswahili cha wapi. Mkalimani aliyekulia Nairobi au Goma anaweza kuwa hodari kabisa na bado asijue maana ya maneno ya Tanzania bara. Kisha andika maswali unayoyakumbuka na majibu yako. Yale usiyoyakumbuka acha wazi.

Piga picha kurasa hizo na mtumie mdhamini kwa baruapepe siku hiyohiyo. Tarehe ya baruapepe itaonyesha kwamba kumbukumbu hii ilikuwepo kabla hujaona maandishi ya afisa. Kumbukumbu iliyoandikwa baada ya kusoma maandishi ina uzito mdogo sana, maana wakili wa Waziri wa uhamiaji wa Kanada, anayetetea uamuzi wa kukataa, atasema umeitengeneza kujibu.

Hatua ya 3: Pata maandishi yote

Kuna njia mbili, na ni vizuri kutumia zote. Ya kwanza ni ombi la kupata taarifa kwa sheria ya Kanada. Ada yake ni dola 5 za Kanada, na mwombaji wa taarifa lazima awe raia, mkazi wa kudumu au mtu aliye ndani ya Kanada, kwa hiyo mdhamini ndiye anayeomba. Wewe unasaini fomu ya ridhaa, IMM 5744, unaitengenezea skani na kumrudishia. Waombeni maandishi yote ya GCMS na faili zima, pamoja na barua zilizotumwa kabla ya mahojiano.

Njia ya pili ni jalada la rufaa linaloandaliwa na upande wa Waziri. Linachukua miezi. Likifika, lilinganishe na mlichopata mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu kesi itaendeshwa kwa namba za kurasa za jalada.

Ndani utakutana na vifupisho. PA ni mwombaji mkuu, SPR ni mdhamini, DOB ni tarehe ya kuzaliwa, Q ni swali na A ni jibu.

Hatua ya 4: Tafuta makosa pale yanapojificha

Usisome kwa kutafuta uonevu. Soma ukijiuliza: nilisema neno gani la Kiswahili hata ikaandikwa hivi? Kwa watu wa huku kati, majibu huharibika sana kwenye maeneo yafuatayo.

Saa. Kiswahili kinahesabu saa kuanzia mapambazuko, na za usiku kuanzia machweo. Ukisema "hunipigia saa nne usiku" na mkalimani akataja namba tu, afisa anaandika 04:00, usiku wa manane, badala ya 22:00. Mdhamini akisema saa 22:00 kwa upande wake, mmeshapingana. Angalia kila saa kwenye maandishi. Tofauti ikiwa ni saa sita kamili, chanzo chake ni hiki.

Jamaa. Hapa ndipo panapovunja kesi. "Nakaa na watoto wangu wawili" anaweza kuwa mwanamke anayelea watoto wa dada yake, na kwetu hakuna anayeshangaa. Afisa akiandika kwamba mwombaji ana watoto wawili ambao hawamo kwenye fomu, tayari umeonekana umeficha watoto. Baba mdogo anageuka baba wa kambo. Mama mkubwa anageuka bibi. Ndugu anakuwa kaka wa kuzaliwa wakati fomu inasema una dada mmoja tu. Na kwa kuwa "a-" yetu haitenganishi mwanamume na mwanamke, "alinipeleka uwanja wa ndege" inaweza kuandikwa kana kwamba ni mwanamume fulani, kumbe alikuwa wifi yako.

Sherehe. Posa, mahari, kuvishwa pete, sendofu, kufunga ndoa, mnuso: mtu mmoja anaweza kuwa na tarehe tano na zote ni za kweli. Sendofu hueleweka vibaya zaidi ya zote. Kwetu ni sherehe ya upande wa bibi harusi kumuaga kabla ya ndoa. Afisa anaweza kuisoma kama kumsindikiza msafiri. Mahari ya ng'ombe kwa awamu, ambayo kwa Wagogo ni jambo la kawaida, huandikwa kana kwamba ndoa haijakamilika. Na ndoa "ya bomani" ikifuata ndoa ya kimila, maandishi yatachukua tarehe moja na kuiacha nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila, kwa hiyo eleza zote mbili, kila moja na tarehe yake.

Kukutana. "Tulifahamiana" na "tulianza uhusiano" ni mambo mawili, lakini yote huishia kwenye neno moja la Kiingereza. "Tulikaa Nkuhungu wiki tatu" inaweza kutafsiriwa kama kuishi pamoja. "Juzi" inaweza kuwa juzi kweli, au mwezi uliopita.

Mahali. Kikuyu tumeshaitaja. "Nyumba yetu iko Kisasa" inakuwa nyumba ya mtindo wa kisasa. Kondoa na Kongwa zinachanganywa na mtu asiyezijua. Majengo na Chang'ombe zipo Dodoma na zipo miji mingine pia.

Fedha. "Laki mbili na nusu" ni 250,000, na mtu asiyezoea laki anaweza kuandika 200,000 akaishia hapo.

Pia tafuta kilichokosekana. Kama uliulizwa kuhusu kazi ya mume wako ukajibu kwa dakika mbili, na maandishi yana maneno manne, hilo ni pengo. Pengo ni gumu kulithibitisha kuliko kosa, lakini lisiachwe.

Hatua ya 5: Tengeneza jedwali

Jedwali hili ndilo kiini cha kazi. Safu sita zinatosha: namba ya ukurasa na mstari, kilichoandikwa (kinakiliwa kama kilivyo), ulichosema kwa Kiswahili, tafsiri sahihi ya maneno hayo, aina ya kosa, na ushahidi wenye namba ya ukurasa kwenye nyaraka zenu.

Aina za kosa ziwe nne tu: la ukalimani, la uandishi, pengo, na kosa langu mwenyewe. Hiyo ya nne usiiogope. Kama ulisahau jina la kati la mama mkwe au ulichanganya mwezi kwa woga, sema hivyo. Mtu anayedai makosa 20 na yote ni ya mkalimani haaminiki hata kwa lile moja la kweli. Mtu anayesema "hapa nilikosea mimi, hapa mkalimani alikosea, na cheti hiki hapa" anasikilizwa.

Mfano wa mstari mmoja: ukurasa 47, mstari 12. Imeandikwa kwamba mwombaji anaishi na watoto wake wawili. Alichosema: "Nakaa na watoto wangu wawili wa dada, mmoja yuko la tatu." Tafsiri: anaishi na watoto wawili wa dada yake. Aina: ukalimani. Ushahidi: vyeti vya kuzaliwa vya watoto hao vilivyotolewa na RITA, vyenye jina la mama yao, na barua ya mtendaji wa mtaa.

Hatua ya 6: Pima kila kosa dhidi ya barua ya kukataliwa

Weka barua ya kukataliwa kando ya jedwali. Mara nyingi msingi ni kifungu cha 4(1) cha Kanuni za Uhamiaji, chenye vichwa viwili: ndoa si ya kweli, au ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji. Kimoja kikisimama, rufaa imeanguka, kwa hiyo vyote vijibiwe. Ukweli wa ndoa hutazamwa jinsi ilivyo leo. Nia hutazamwa jinsi ilivyokuwa siku mlipofunga ndoa. Kosa kuhusu mlivyofahamiana na uchumba wenu linagusa nia. Kosa kuhusu simu, fedha na safari za sasa linagusa ukweli wa ndoa.

Sasa chora mstari chini ya kila sentensi ya barua inayotegemea jibu lililokosewa. Haya ndiyo makosa mazito, na kwa kawaida hayazidi matano au sita. Yaweke juu ya jedwali. Yale madogo, kama jina la mtaa lililoandikwa vibaya, yaweke mwishoni kwa mstari mmoja mmoja. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mkalimani au mwandishi hakuwa makini kwa jumla.

Na zile sababu za afisa zisizotokana na kosa lolote? Zijibuni kwa ukubwa uleule. Watu hushinda hoja zote za maandishi na bado wakapoteza rufaa, kwa sababu hawakueleza kwa nini harusi ilifungwa bila ndugu hata mmoja wa upande wa mdhamini.

Hatua ya 7: Ushahidi uliokuwepo kabla ya mahojiano

Ushahidi bora ni ule ambao hukuuandaa kwa ajili ya kesi. Cheti cha ndoa, mihuri ya pasipoti, tiketi, kadi za mwaliko wa sendofu na harusi zenye tarehe iliyochapwa, taarifa za miamala ya simu na risiti za fedha kutoka Kanada.

Mazungumzo ya WhatsApp yatoeni kwa kipengele cha kuhamisha mazungumzo yote, msichague picha za skrini chache. Kumbukeni kwamba muda unaoonekana hufuata saa ya simu iliyotoa nakala. Ujumbe mmoja utakuwa 22:00 kwenye simu ya Dodoma na 14:00 kwenye simu ya Toronto wakati wa baridi. Andikeni juu ya ukurasa wa kwanza nakala imetoka simu ipi, la sivyo mtakuwa mmeongeza mkanganyiko mwingine wa saa. Picha zitoeni kwenye simu iliyozipiga, kwa sababu picha ikipitia WhatsApp hupoteza tarehe iliyofichwa ndani yake.

Hatua ya 8: Hati ya kiapo

Mwombaji anaapa mbele ya Kamishna wa Viapo. Mawakili wengi hapa mjini wana mamlaka hayo. Hati iwe na aya zenye namba, kila aya jambo moja, na isizidi kurasa nne au tano. Iandikwe kwa Kiswahili kama ndicho unachokifikiria, kisha itafsiriwe. Hati ya Kiingereza iliyosainiwa na mtu asiyekijua vizuri huleta swali baya siku ya kesi: ulijuaje ulichokuwa unasaini?

Aya iandikwe namna hii: "Kwenye ukurasa wa 47 imeandikwa kwamba ninaishi na watoto wangu wawili. Nilisema ninaishi na watoto wa dada yangu. Sijawahi kuzaa." Basi. Usimtukane mkalimani, na usibuni maneno ya afisa usiyoyakumbuka.

Kuna mstari utakaotumika dhidi yako: mwanzoni mwa maandishi kwa kawaida kuna swali kama unamwelewa mkalimani, na jibu ni ndiyo. Ujibu kwenye hati. Ulimwelewa alipozungumza Kiswahili. Hukuweza kujua alichomwambia afisa kwa Kiingereza. Lakini kama unajua Kiingereza kiasi, liseme pia, maana fomu zako zinaonyesha.

Kila nyaraka ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, pamoja na tamko la mtafsiri lenye jina lake, lugha aliyotafsiri, kauli kwamba tafsiri ni sahihi, na saini. Mtafsiri asiwe ndugu. Kwa maneno kama sendofu, mahari na baba mdogo, mwombe aache neno la Kiswahili na kulieleza kwa kifupi pembeni. Kurasa zote zipewe namba mfululizo, ziwe na orodha mbele, na nakala iende IAD na kwa wakili wa Waziri kwa tarehe iliyopangwa.

Kuhusu msaada wa kulipia: anayewakilisha mbele ya IAD kwa malipo anapaswa kuwa mwanasheria aliyesajiliwa na chama cha wanasheria cha Kanada au mshauri wa uhamiaji mwenye leseni ya daraja la kesi za Bodi, RCIC-IRB. Wakili wa Dodoma anaweza kushuhudia kiapo chako. Kishoka anayeahidi "kufuta" maandishi kwenye mfumo anakuibia. Hakuna mtu mwenye uwezo huo.

Hatua ya 9: Siku ya kusikilizwa

Utatoa ushahidi kwa video au simu kutoka Dodoma. Kesi ya saa 3 asubuhi Toronto ni saa 11 jioni kwetu wakati wa baridi na saa 10 jioni wakati wa kiangazi chao. Ya Vancouver saa 3 asubuhi huangukia usiku kwetu. Nunua LUKU mapema, weka bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti, na simu iwe na pawabenki. Chumba kiwe kitupu. Kwa kawaida shahidi harusiwi kusikiliza ushahidi wa mwenzake, kwa hiyo mdhamini akiwa amekuja Dodoma, msikae chumba kimoja.

Ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema, na mseme ni Kiswahili cha Tanzania. Bodi ndiyo inayomlipa. Siku yenyewe, ongea sentensi fupi na usubiri. Taja saa kwa namna isiyo na utata: "saa nne usiku, yaani ishirini na mbili kamili." Taja jamaa kwa maelezo: "mtoto wa dada yangu, ambaye sikumzaa mimi." Jedwali usilikariri. Mjumbe anatambua jibu lililokaririwa.

Ukisikia tafsiri imekosewa, sema palepale, kabla ya swali linalofuata. Mdhamini anayesikia lugha zote mbili ana nafasi nzuri ya kugundua, naye amwambie mwakilishi wake au mjumbe mara moja. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilieleza mwaka 2001, katika shauri la Mohammadian, kwamba malalamiko ya ukalimani lazima yatolewe kwenye nafasi ya kwanza inayopatikana. Ukinyamaza hadi uamuzi utoke, umeshachelewa.

Rufaa ikikataliwa

Hapo kuna sauti, na mambo hubadilika. Usikilizwaji wa IAD hurekodiwa. Siku 15 tangu kupokea uamuzi ndizo zilizopo kuomba ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho, kwa hiyo ombeni rekodi siku uamuzi unapofika. Mpeni mtafsiri huru asikilize vipande vinavyobishaniwa tu, aandike dakika na sekunde, Kiswahili kilichosemwa, Kiingereza kilichotolewa, na Kiingereza sahihi, kisha aape juu ya kazi yake. Kuomba upya kisha kukata rufaa nyingine kwa hoja zilezile ni hatari, kwa sababu IAD inaweza kukataa kusikiliza jambo ililokwisha kuliamua. Kosa ambalo mlilijua na hamkulitaja kwenye rufaa ya kwanza litapata shida kubwa zaidi kupita kwenye ya pili.